Maandishi Hayawashi Kamera

Maandishi hayawashi kamera.

Vijana wakiuliza usemi huu ulitoka wapi, wazee wetu wa huku milimani hujibu kwamba ulianzia kwenye kiganja cha Nakijwa.

Nakijwa alipokea betri mpya za kuchaji, akahisi wepesi wake. Zile za zamani zilikuwa na uzito mkononi. Hizi zilikuwa kama maganda ya karanga. Kaka yake Eliamani, mwenye kamera ya dijitali, alizichagua dukani kwa sababu namba ya chaji iliyoandikwa ubavuni ilikuwa kubwa kuliko zote. Nakijwa alimwambia kwa sauti ya chini kwamba ni nyepesi mno, heri wabebe na zile za zamani.

"Wewe uliyeishia darasa la tano unapima betri kama vitunguu?" Eliamani alicheka. "Namba huioni?"

Akazitoa betri za zamani mkobani mwa Nakijwa, akaziacha nyumbani.

Walikuwa wanakwenda kwa bibi yao, Namsifu. Maisha yake yote bibi alikataa kupigwa picha. Sasa, kwa ajili ya ubatizo wa kitukuu, alikuwa amekubali, tena moja tu. Alivaa kitenge alichokitunza sandukuni, akampakata mtoto. Eliamani akawasha kamera. Lenzi ikatokeza nusu, ikakwama, kamera ikazima. Akajaribu tena; kimya. Ndipo akageuka mbele ya wageni wote, akasema Nakijwa ndiye aliyeichezea kamera mpaka ikaharibika.

Watu wakamtazama. Nakijwa akainama kwa hasira. Bibi akamrudisha mtoto kwa mama yake, akasema kama Mungu angetaka sura yake ibaki, ingebaki. Hakukubali tena.

Mvua za vuli zilipoanza, alifariki. Msibani watu wakaulizia picha ya kuweka juu ya jeneza. Haikuwepo. Eliamani, akiwa amesimama kati ya wazee, akarudia yale yale: mdogo wangu aliharibu kamera.

Nakijwa alikuwa anapita na sufuria ya maharage. Akaitua chini.

"Kaka, kamera ni nzima. Juzi uliitumia kupiga picha harusini, kwa betri zile zile ulizonikataza kubeba. Ulinunua namba. Halafu ukanisingizia mimi mbele za watu, nikanyamaza, na leo bibi anazikwa bila sura. Uongo huo sitaubeba tena. Maandishi hayawashi kamera."