Darasa Lililojibu Ndiyo kwa Kiingereza

Isome hii hadi mwisho, kisha mfikishie mwalimu mmoja unayemheshimu.

Mwalimu Mwaisaka alikuwa amebakiza ukaguzi mmoja tu ili athibitishwe kazini. Mkuu wa shule alimwonya waziwazi: mkaguzi akisikia neno moja la Kiswahili kwenye somo la kemia, asahau ajira.

Wiki nzima kidato cha pili kikakaririshwa kanuni kwa Kiingereza: asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Kila mwalimu alipouliza kama wameelewa, darasa zima lilijibu ndiyo, kwa Kiingereza na kwa sauti moja. Naye, masikini, akaamini. Nani asiyependa kuitikiwa?

Siku ikafika. Mkaguzi, mzee mkimya, akaketi nyuma na daftari lake. Tusekile, binti wa dawati la mbele, akaulizwa kanuni, akaisema yote bila kujikwaa. Mkaguzi akaandika. Mwalimu akashusha pumzi.

Kisha likaja jaribio lenyewe. Tusekile akachukua chupa ya maji, akainamia bika, chombo cha kioo, yenye asidi kali, uso karibu kabisa. Mwalimu, akiwa upande wa pili wa maabara, akamkataza kwa Kiingereza. Binti akaitikia ndiyo kwa adabu zote, huku chupa ikizidi kuinama. Akamkataza tena. Ndiyo, akaitikia tena.

Mwalimu akajiuliza: Ajira yake, au macho ya mtoto wa watu?

"Tusekile, usimwage! Itakurukia usoni!"

Chupa ikaganda hewani. Mkuu wa shule, aliyesimama mlangoni, akatazama chini.

Mkaguzi akamsogelea binti, akamwomba airudie kanuni. Akairudia neno kwa neno.

"Sasa niambie kwa Kiswahili, inasema nini?"

Machozi yakamlengalenga. "Sijui, mwalimu. Niliikariri tu."

Mzee akawauliza wanafunzi wengine arobaini nani anajua. Hakuna mkono uliopanda.

Mwalimu Mwaisaka alijua yamekwisha. Akaanza kukusanya vitabu vyake.

Mkaguzi akamzuia, akamwonyesha daftari. Alikuwa ameshaandika: Wanafunzi wameelewa vizuri sana. Akaikata sentensi ile kwa kalamu.

"Nimekagua shule miaka ishirini na sita," akasema polepole. "Sijui nimeuandika uongo huu mara ngapi. Waeleweshe kwanza, mwanangu, halafu uwape Kiingereza chake. Mimi nitasubiri."

Mwalimu akaeleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, hatua kwa hatua. Kipindi kilipokaribia kwisha, Tusekile alimimina asidi kwenye maji taratibu, akieleza kwa Kiingereza kilichopinda huku na kule, lakini chake mwenyewe. Halafu akanyoosha mkono na kuuliza swali, la kwanza tangu aanze sekondari.

Funzo: Usipime uelewa wa mtoto kwa wepesi wa kuitikia. Mfundishe lugha ya kigeni kwa bidii, lakini usiruhusu imfiche asichokijua, maana siku ya hatari, "ndiyo" ya kukariri haimwokoi mtu.