Jina Moja kwenye Kioo

Hapo zamani zisizo mbali, kompyuta ya nyumbani ilipokuwa kibodi ya kuchomekwa kwenye televisheni, na programu zikikaa ndani ya kanda za kaseti kama nyimbo za taarabu, palikuwa na kampuni ndogo Mombasa, juu ya duka la viatu. Mwenyewe aliitwa Bi Mghoi. Alikuwa na wafanyakazi watatu, na hata uzeeni, akiwataja, uso wake ulikunjuka.

Bi Mghoi alitaka bao lichezwe ndani ya kompyuta. Watu wakamcheka: "Mashine icheze bao? Ina mikono?"

Akamwita Shekue, bingwa wa bao. Shekue akaketi na wachezaji wa Mji wa Kale, akichunguza kwa nini huyu anakula kete na yule analiwa. Akarudi na mbinu ambazo mashine ingezifuata.

Akamwita Kerubo, mwandishi wa programu. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa finyu, na mbinu za Shekue hazikuenea ndani yake. Kerubo akabana, akapunguza, akafuta, akaandika upya, mpaka bao zima likaingia.

Wakarekodi mchezo kwenye kanda. Kabla hawajatoa nakala, umeme ukakatika, na kompyuta ikasahau yote. Uliporudi, wakaiweka kanda kwenye kinasa sauti. Kinasa kikaitafuna! Kerubo akashika kichwa. Shekue akageukia ukuta.

Bi Mghoi akamwita Rukia, fundi wa kurekodi. Rukia akaichomoa kanda taratibu, akainyoosha kwa vidole kunjo baada ya kunjo, akaihamishia kwenye ganda la kaseti nyingine. Akaicheza, kompyuta ikakataa. Akageuza kidogo skrubu ya kichwa cha kinasa kinachosoma kanda, ikakataa. Akageuza tena, sikio lake likifuata mlio mkali wa programu iliyo kwenye kanda. Mara mashimo ya bao yakajitokeza kwenye kioo cha televisheni!

"Jamani, Rukia!" Kerubo akamkumbatia huku analia.

Bi Mghoi akasema, "Majalada ya kaseti yameshachapishwa jina la kampuni tu. Lakini mchezo ukifunguka, nataka watu wasome ni nani aliyeufanya."

"Basi chagua, Bi Mghoi," Kerubo akajibu. "Nafasi iliyobaki ni ya jina moja. Likiingia la pili, haufunguki."

Shekue akasema, "Mimi niliupa akili. Bila mimi, hayo ni mashimo ya kutazama tu."

"Mimi niliupa mwili," akasema Kerubo. "Akili hiyo ilikuwa kichwani mwako, kaka. Nani angecheza humo?"

"Nami niliurudishia uhai," akasema Rukia. "Mlikuwa mmeshaanza matanga, nyinyi wawili."

Shekue akacheka. "Kweli kabisa! Basi, Bi Mghoi, andika lako."

"Mimi nilitamani tu," akasema Bi Mghoi. "Waliotenda ni nyinyi."

Akawatazama mmoja mmoja. Fahari ilimjaa, na papo hapo moyo ukamuuma, kwani hakuna aliyesema uongo. Akavuta kiti, akachapa jina moja. Na wale wawili wasioandikwa ndio waliotangulia kupiga makofi.

Haya, wenzangu, msinitolee macho, jina lile sitalitaja. Nanyi ketini kwenye kiti cha Bi Mghoi: aliyeupa akili, aliyeupa mwili na aliyeurudishia uhai, je, nani alistahili?