Vidole vya Jini Samhari

Alitawala katika mji wa Kafurini Sultani Nuumani bin Jabali, mpenda picha, na picha za mji ule zilichapwa kwa mbao za kuchonga, ubao wa peke yake kwa kila rangi, na karatasi moja ikapita juu ya zote. Sifa alipata mchoraji, na mchongaji na mchapaji wakapata maumivu ya mgongo.

Mchongaji hodari aliitwa Raihana, na mchumba wake Haidari, mchapaji, alikuwa gerezani kwa kuchapa picha isiyo na muhuri wa Waziri. Sultani akasema, "Nileteeni tausi wangu kwa rangi saba, nakala mia mbili, kabla ya sala ya Ijumaa ya kwanza baada ya siku arubaini, na Haidari atatoka. La sivyo, atahamishwa nchi milele."

Raihana akachonga siku arubaini, na Jumatano asubuhi akamwita jini Samhari, aliyefungwa kuzitumikia patasi za marehemu baba yake, akamwamuru achape, naye akaenda kuoga. Aliporudi alikuta jicho la tausi liko shingoni na mkia unaelea mbali na mwili.

"Umefanya nini?"

"Nimechapa, bibi yangu. Tena nimekusitiri. Kila ubao ulikuwa na vikovu viwili vimeinuka pembeni. Nimeviranda vyote, sasa ni kama kioo."

Raihana akaketi chini. "Samhari, karatasi huegemea vikovu vile. Bila hivyo rangi haijui pa kukaa."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Basi nilihamishe gereza. Kasri nimewahi kuhamisha."

"Na Sultani atukate shingo?"

"Mimi sina shingo."

Raihana akafumba macho, akahesabu hadi kumi, akaongeza kumi nyingine. "Unakumbuka kila kikovu kilipokuwa?"

"Nakumbuka kila punje ya mchanga wa jangwani."

"Jipunguze basi, ukae pembeni mwa ubao, na vidole vyako viwili viwe pale pale. Nitachapa mwenyewe."

"Mara ngapi?"

"Elfu moja na mia nne. Na usitikisike."

"Mimi, niliyebeba kasri kwa mkono mmoja, niwe kikovu?"

"Ndiyo, baba. Uwe kikovu."

Akawa kikovu, na akanung'unika kutoka ubao wa kwanza hadi wa saba, na alipopiga chafya karatasi tisa zikaharibika, na Raihana akazirudia zote tisa.

Ijumaa, kabla ya adhana, Sultani akaziangalia picha zote, na kila jicho lilikuwa mahali pa jicho. Haidari akafunguliwa, akamwoa Raihana, na Sultani akawapa nyumba na shamba la mizabibu. Na aliyesikia habari hii, akikuta katika kazi ya mwenzake alama asiyoielewa, na aulize kwanza, ndipo ashike randa.