Kitabu cha Kungwi na Kifungo cha Mngumi

Hapo zamani, si zamani ya babu zetu bali ya juzijuzi tu, katika mji mmoja waliishi mzee Mngumi, muuza vitabu, na Bi Mwanashaha, kungwi aliyewafunda maharusi wa mji mzima. Maumivu ya miguu yalipomzidi, Bi Mwanashaha hakuweza tena kwenda nyumba kwa nyumba. Akaandika kitabu. Yote aliyowanong'oneza maharusi chumbani, akayatia humo. Mngumi akakiweka dukani. Hakukisoma. Akauza nakala kumi na tisa.

Ya ishirini akainunua Bwana Chogo, karani wa mji. Akakisoma. Akakirudia, apate hakika. Akakirudia tena, apate ushahidi. Kisha akaenda kushtaki: "Kitabu hiki ni kichafu!"

Sheria ya mji ilisema: atakayeuza kitabu cha aibu, jela miezi sita.

Hakimu akauliza, "Mngumi, ulikisoma?"

"Sikukisoma, Mheshimiwa. Duka lina vitabu mia nne, na macho ninayo mawili."

"Basi umeuza usichokijua!"

"Na ningekisoma?"

"Ungekuwa umeuza unachokijua. Hilo ni baya zaidi."

Bi Mwanashaha akainuka na mkongojo wake. "Maneno ni yangu. Nifungeni mimi."

"Kaa, mama. Sheria imemtaja muuzaji. Mwandishi haikumtaja."

Ili haki itendeke, hakimu akaamuru kitabu kisomwe chote, kwa sauti. Watu wakajaa hadi madirishani. Wanunuzi walikuwa ishirini. Siku hiyo waliosikia walipita mia tatu. Msomaji aliposita kwa haya, hakimu akamhimiza: "Soma, usiruke!"

Mngumi akafungwa. Kifua chake kilikuwa kibovu, na mkewe alishinda akilia mlangoni pa jela, hadi liwali, mtawala wa mji, akaingiwa na huruma. Akawaita wote wanne.

"Mzee huyu hatamaliza miezi sita akiwa hai. Lakini hukumu imeshatoka, lazima mtu aitumikie. Nani?"

Mngumi akakohoa, akasema, "Niliuza, lakini sikujua."

Bi Mwanashaha akasema, "Niliandika, lakini sikuuza. Tena nyinyi wawili, karani na hakimu, wake zenu niliwafunda mimi. Sijasikia malalamiko."

Chogo akasema, "Nilikisoma mara tatu, lakini ni kwa kuwalinda wengine wasikisome."

Hakimu akasema, "Niliwasomesha mia tatu, lakini kwa mujibu wa sheria."

Liwali akashika kichwa. Mpaka leo kakishika. Haya, wenzangu, msaidieni: je, katika hao wanne, nani alistahili kulala ndani?