Shimo la Sultani Shaibu

Hapo zamani, enzi ambazo sultani akipiga chafya mji mzima hushindana kumwombea afya, alikuwako msuka vitanda vya kamba jina lake Vuai, hana mbele wala nyuma ila nyumba ya udongo na makuti aliyoijenga kwa mikono yake. Nyumba ilikuwa yake, lakini kiwanja kilikuwa cha Sultani Shaibu. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya mji ule: mtu hujenga nyumba yake juu ya ardhi ya mwingine, akalipa kodi ya kiwanja, na siku wakikosana hung'oa milango yake na boriti zake akaenda zake.

Mtaa wao uliitwa Shimoni, na jina hilo halikuja bure. Hapo awali palikuwa shimo kubwa lililochimbwa mawe ya kujengea jumba la Sultani, likajaa maji ya kijani na vyura, na uvundo wake ulimfanya hata punda abadili njia. Sultani alifurahi kweli kweli alipopata maskini wa kuwakodisha pahala kama pale! Maskini wale wakabeba udongo kwa makapu miaka saba, wakalifukia shimo lote. Bi Zuwena, mkewe Vuai, alibeba kapu lake hata asubuhi ya siku aliyojifungua mwanawe wa kwanza. Kisha akapanda asumini mlangoni.

Basi pakapendeza. Sultani akajenga ukumbi mpya wa karamu pale ukingoni, ukuta wake ukiegemea udongo ule ule wa maskini. Jioni moja akaketi dirishani, upepo ukamletea harufu ya asumini, akamwambia waziri wake, "Pahala pazuri namna hii, kodi yake ndiyo ile ya zamani?" Kesho yake mpiga mbiu akapita akitangaza kuwa kodi ya Shimoni imekuwa mara nne, na asiyeiweza awe amehama kabla ya Ijumaa.

Bi Zuwena akaketi kizingitini akakataa kuinuka. "Mume wangu, mimi hapa siondoki. Mgongo wangu wote umo ndani ya udongo huu."

Vuai akaketi kando yake, kwani aliyoyasema mkewe yalikuwa kweli tupu. Ikawa majirani wanatafuta mtu wa kwenda kuwasemea, wakamchagua yeye. Wala si kwa hekima yake, bali kwa kuwa mji mzima ulimdhania hazimtoshi, na mtu wa namna hiyo hakatwi kichwa upesi.

Akafika barazani kwa Sultani, akapiga magoti. "Bwana wangu, twaomba kodi iwekewe mpaka, isipande kila siku ambayo Bwana amepata upepo mzuri dirishani."

Sultani akakunja uso. "Kiwanja ni cha nani?"

"Ni chako, Bwana."

"Basi asiyetaka kodi yangu na anirudishie mali yangu! Tena anirudishie vile vile nilivyompa siku ya kwanza. Akipunguza kitu au akizidisha kitu, ni viboko mia. Kadhi, andika, nami nitie muhuri."

"Vile vile, Bwana?"

"Vile vile!"

Vuai akainama mpaka kofia ikamdondoka, akatoka anacheka peke yake. Waziri akatikisa kichwa kwa huruma.

Kulipopambazuka, Shimoni nzima ilikuwa imeshika majembe. Walianzia chini ya ukuta wa ukumbi, kwa kuwa, alisema Vuai kwa uso mkavu, huko ndiko shimo lilikokuwa na kina zaidi. Adhuhuri maji yakachungulia. Alasiri ukuta wa Sultani ukapata ufa wa kupitisha mkono, na Bi Zuwena akarudi kutoka bondeni na mtungi wa vyura kichwani.

Sultani akaja mbio, kilemba mkononi, kadhi nyuma yake. "Mwafanya nini, enyi wendawazimu?"

"Twarudisha amana, Bwana," akasema Vuai. "Ulitupa shimo, nasi twakurudishia shimo. Maji ndiyo hayo, ukijani wake utakuja wenyewe. Vyura tu ndio wanaotutia hofu. Wale wako wa zamani walikuwa na sauti nene, na hawa tuliowapata wana sauti nyembamba. Je, Bwana atawapokea hivyo hivyo, au ndivyo viboko?"

"Acheni kuchimba!"

"Twaogopa, Bwana. Hati ina muhuri wako."

Sultani akamgeukia kadhi. Kadhi, ambaye naye alikuwa amepanga nyumba mjini humo, akajikohoza. "Bwana, hati ni hati. Na shimo lilikuwa shimo."

"Hata udongo huu si wangu?"

"Kiwanja ni chako," akajibu Vuai, na safari hii hakutania. "Udongo ni mgongo wa Zuwena."

Sultani akamtazama yule mama na mtungi wake, akaona haya, akatazama chini. Hapo chura mmoja akaruka akamkalia juu ya kiatu, na Sultani akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Haya, Bi Zuwena, sema utakalo."

"Kodi ibaki ile ile. Isipande mpaka sisi nawe tukubaliane mbele ya kadhi. Na mtu alipaye asifukuzwe."

"Andika, kadhi! Tena iwabane wenye viwanja wote wa mji huu, maana sitaki kuaibika peke yangu." Akamgeukia Vuai. "Nawe nikutuze nini?"

Vuai akamsogezea kapu la udongo. "Ukuta wako utaanguka tusipofukia, Bwana. Tusaidie kapu moja tu."

Sultani akapandisha mikono ya joho, akalitwika kapu, akaenda nalo akiyumba mpaka ukutani, akalimwaga. Kisha akasimama akishika kiuno.

"Mlibeba hivi muda gani?"

"Miaka saba, Bwana."

Sultani Shaibu akavaa kilemba chake, akarudi nyumbani kwa miguu pole pole, wala hakutaja tena kodi ya Shimoni mpaka alipoiaga dunia.