Mwanamize na Tembo wa Miji Miwili

Moto umeshika?
— Umeshika!
Masikio yamefunguka?
— Yamefunguka!
Nikisema, mtaitikia?
— Sema, tumo!

Hapo zamani, zamani za watu na wanyama kusemezana, palikuwa na miji miwili iliyozaliwa na mama mmoja. Wa kusini uliitwa Ukwajuni, wa kaskazini uliitwa Mwambani. Katikati palikuwa na msitu mkubwa. Lugha yao ilikuwa moja, lakini msitu ni msitu. Watu wakatembeleana mara chache, miaka ikapita mingi, na lugha ile ikaota matawi huku na huku.

Mwambani alikuwako binti anaitwa Mwanamize. Akaposwa na Silima, kijana wa Ukwajuni. Akavushwa msitu kwa ngoma, akaingia kwa mume.

Siku ya kwanza alimwita mumewe, "Silima, ndoo." Kwao ndoo ni kuitana, ni kusema njoo. Silima akaenda kisimani, akarudi na ndoo imejaa maji. Majirani wakacheka.

Siku ya pili alimwambia mavyaa wake, mama wa Silima, kwamba ana ndaa, maana yake njaa. Mavyaa akadhani ni ugonjwa, akamchemshia mizizi michungu. Majirani wakacheka.

Siku ya tatu alisimama barazani kuuliza ndia ya kwenda shambani, maana yake njia. Safari hii hata Jumbe Pandu, mkubwa wa mji, alicheka. Alipomaliza kucheka akakunja uso. Akapiga marufuku: asiyesema kama Ukwajuni wanavyosema, asifungue kinywa barazani.

Mwanamize akafunga kinywa. Iliuma, nisiwafiche. Mtu kunyimwa maneno ya mama yake ni kama kuvuliwa nguo mbele za watu. Lakini masikio hakuyafunga. Alisikiliza kisimani, alisikiliza jikoni, alisikiliza shambani. Kila neno la Ukwajuni aliloliokota alilitafutia ndugu yake wa Mwambani, akayalaza mawili pamoja moyoni kama mapacha. Hapakuwa na mwingine, kusini wala kaskazini, aliyefanya kazi ile.

Basi mwaka huo wakatoka wanyama wakubwa msituni. Wenye masikio mapana, wenye pembe, wenye mkonga. Ukwajuni waliwaita tembo. Walikuja kundi zima, wakakanyaga mihogo, wakang'oa migomba, wakasukuma ghala likalala chini. Watu wakawasha mioto, wakawafukuza. Wanyama wakageuka, wakashika njia ya kaskazini.

Jumbe Pandu alikuwa mkali, lakini damu yake haikuwa baridi. Alisema wale wa Mwambani ni ndugu, lazima waonywe. Nani atapita? Msitu umejaa tembo. Akaitwa Mlembe, yule ndege mdogo anayewaongoza watu kwenye asali.

"Mlembe, utafikisha neno?"

"Nitalifikisha. Lakini mimi hubeba neno tu. Maana nawaachia wenyewe."

Jumbe akampa neno fupi ili asilisahau. Mlembe akaruka, akatua juu ya paa la kwanza la Mwambani, akaimba:

"Tembo tele leo! Tembo tele leo! Tembo tele leo! Jumbe Pandu asema, jitayarisheni!"

Sasa sikilizeni. Kwa watu wa Mwambani, tembo si mnyama. Tembo ni kile kinywaji kitamu kinachogemwa mnazini. Yule mnyama wao humwita ndovu. Waliposikia tembo tele, na tena kutoka kwa Jumbe, walifurahi furaha kubwa. Wakasafisha vibuyu. Wakatandika mikeka. Wakafungua milango yote, na watoto wakapangwa njiani kuupokea ugeni. Kisha wakamrudisha Mlembe na majibu.

Mlembe akatua barazani Ukwajuni, akaimba:

"Vibuyu tayari! Mikeka tayari! Milango wazi!"

Jumbe Pandu akasimama kwa hasira. Akasema amewatumia onyo, nao wanamfanyia mzaha. Wamemdharau yeye na mji wake. Basi waachwe na mikeka yao, wakanyagwe juu yake. Wazee wakaafiki. Watu wakaanza kuinuka waende zao.

Nyuma kabisa, walikokaa wanawake, Mwanamize alisikia yale majibu, na yale mapacha moyoni mwake yakagongana. Akaelewa yote. Akainuka. Mavyaa wake akamshika nguo akimnong'oneza kwamba amekatazwa, akae. Mwanamize akamtazama. Mavyaa akaona macho yale, akaiachia nguo.

"Jumbe, najua nimekatazwa kusema hapa. Lakini nikinyamaza, mama yangu atakufa leo akiwa ameshika kibuyu mkononi."

Jumbe akasema, "Sema."

"Kwetu tembo hunyweka. Mnyama twamwita ndovu. Umewaambia wanaletewa kinywaji tele, nao wamekushukuru."

Mtu mmoja akacheka. Alipoona hakuna anayemfuata, akanyamaza. Jumbe Pandu akamwambia Mwanamize ampe Mlembe maneno.

"Maneno yako, Jumbe?"

"Yako. Yangu yamepotea njiani."

Mwanamize akamwita ndege, akamnong'oneza kwa lugha ya nyumbani kwao, ile iliyochekwa. Mlembe akaruka mbio, jua linashuka. Akatua juu ya paa la Mwambani, akaimba:

"Ndovu ndiani! Mato wazi! Mioto iwake!"

Ndovu wako njiani, fumbueni macho. Mama yake Mwanamize alikuwa anasuuza kibuyu. Kikamponyoka.

"Sauti ni ya ndege," alisema, "lakini maneno ni ya mwanangu."

Hapo hapakuwa na wa kuuliza mara mbili. Watoto wakaondolewa njiani, mioto ikawashwa kuuzunguka mji, ngoma zikapigwa. Ndovu wakatokea ukingoni mwa msitu. Jike kubwa lililowaongoza likasimama, likainua mkonga, likanusa.

"Tulikotoka kuna moto. Tuendako kuna moto. Watoto wangu, twendeni bondeni kwenye maji."

Wakageuka, wakaondoka. Mwambani hakufa mtu, hakufa mbuzi.

Njia ilipokuwa salama, watu wa Mwambani walivuka msitu na vibuyu vyao, safari hii vimejaa kwelikweli. Jumbe Pandu alionja tembo kwa mara ya kwanza, akasema kwamba hata huyu akija kwa wingi anaweza kuangusha nyumba. Kisha akasema mbele ya miji yote miwili:

"Neno nisilolijua niliita kosa. Kosa lilikuwa langu."

Akaondoa marufuku yake, akamkalisha Mwanamize mbele, ubavuni pake. Tangu siku hiyo Ukwajuni mtu akisikia neno geni hucheka kidogo, maana kucheka hakuzuiliki, halafu huuliza: kwenu maana yake nini?

Na msidhani ni sisi tu. Mjomba wangu alifanya kazi melini, akaniambia wasema Kihispania wa Kuba wakisema guagua wanangoja basi. Wenzao wa Chile wakisema guagua wanabembeleza mtoto mchanga. Mwingereza akiagiza chipsi huletewa viazi vya moto, Mmarekani huletewa vile vikavu vya mfuko. Na Wachina je? Wa bara wakisema tudou ni kiazi, wa Taiwan wengi wakisema tudou ni karanga. Mjomba aliomba kiazi huko, akapewa karanga. Alizila zote, wala hakulalamika.

Lugha ni mti, ndugu zangu. Tawi la jirani si ugonjwa wa mti, ni ukubwa wake. Usilikate kwa kuwa halikuelekea kwenu.

Nami nimefika mwisho wa kamba yangu. Iliyowapendeza, kalaleni nayo. Isiyowapendeza, iacheni hapa niiongeze kwenye moto, baridi imeanza.