Jina la Kusomwa Saa Saba

Hapo zamani, si zamani ya babu zenu bali ya juzi tu, palikuwa na kisiwa kiitwacho Ulembwe. Serikali ilipinduliwa huko mara nyingi hata vinyozi wakaacha kutundika picha ya rais kwa msumari, wakawa wanaibandika kwa uji. Na mapinduzi hayakuwa mapinduzi mpaka Bi Echati, msomaji wa habari wa Redio Ulembwe, ayasome saa saba mchana. Asipokusoma, ikulu umekaa kama mgeni tu.

Echati naye alikuwa na kanuni moja, na alikuwa mkaidi nayo kupita kiasi: habari haisomwi mpaka ithibitishwe na watu wawili.

Siku moja, saa saba kasorobo, akaingia Kanali Tawakali, bastola kiunoni, jasho usoni.

"Dada Echati, nimepindua. Soma!"

"Hongera, Kanali. Nani mwingine anajua?"

"Wanajeshi wangu. Wako ikulu sasa hivi."

"Hao ni wako, hawahesabiki." Akainua simu, akampigia Rais Bwanaheri. "Shikamoo, Mheshimiwa. Samahani kwa usumbufu. Je, umepinduliwa?"

"Marahaba, mwanangu. Hata sijui. Wanajeshi wako uani, wanakunywa uji. Nimewauliza, wanasema wanasubiri taarifa ya habari. Nami nimewasha redio, nasubiri."

Echati akaweka simu. Mumewe Mhidini, mwandishi wa gazeti, alikuwa jela kwa amri ya Rais huyo huyo, kifungo cha miaka mitatu, kwa kuandika kwamba dukani hakuna sukari. Alitamani sana kumsoma Kanali. Lakini shahidi wa pili yuko wapi?

Kukaa kimya asingeweza. Wahenga wamesema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Ulembwe kimya cha redio kilikuwa na vifaru. Saa saba ikagonga, akasoma alichokijua: "Hii ni Redio Ulembwe. Mpaka sasa haijulikani rais ni nani. Zifuatazo ni bei za samaki."

Loo! Wanajeshi wakaona hawana wa kumpindua wala wa kumlinda, wakashukuru kwa uji, wakaenda kwao. Rais akaona ikulu si yake, akatoka na birika lake. Kanali akakosa wa kumwamuru, akaenda kupalilia mihogo. Sajini Mkadara, mlinzi wa jela, akajiuliza, "Hawa ninaowalinda ni wafungwa wa nani?" Akafungua lango. Mhidini akarudi nyumbani amekonda, na Echati akalia kwa furaha mpaka wali ukaungua.

Siku arubaini kisiwa kikakaa bila rais. Hakuna aliyepinduliwa. Sukari ikaonekana dukani, maana hapakuwa na wa kuificha. Lakini binadamu hatosheki. Watu wakasema, "Raha hii lazima ina mwenyewe. Aliyeileta apewe urais, Bi Echati amtaje, nasi tutakubali!"

Wakaja studio, kila mtu na lake.

Kanali akasema, "Bila mimi Bwanaheri angekuwa Rais mpaka leo. Raha ni yangu."

Bwanaheri akasema, "Bila mimi ungekuwa Rais wewe. Ningesema sijapinduliwa ningedanganya, ningesema nimepinduliwa ningedanganya. Nilisema sijui. Mmewahi kumsikia rais akisema hajui? Raha ni yangu."

Sajini akasema, "Nyinyi mliondoka tu. Mimi nilitenda, nilifungua lango. Tena sikia, Bi Echati. Mumeo amebakiza miaka miwili. Akisomwa mmoja wa hawa, nitaamriwa nimrudishe ndani."

"Sheria ni sheria," akasema Kanali. Bwanaheri akaitikia kwa kichwa. Jambo hilo tu ndilo walilopatana.

"Nikisomwa mimi," akasema Sajini, "funguo nazitupa baharini."

Bi Fatuma muuza pweza akapaza sauti dirishani. "Na Echati mwenyewe je? Si ndiye aliyesema haijulikani?"

"Msomaji hajisomi," akasema Echati.

Akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama kando yake. Ole wake aliyeolewa na mwandishi! Mhidini akamshika mkono, akasema, "Mama watoto, ukimsoma Sajini kwa ajili yangu, hiyo si habari, ni barua ya mapenzi. Nami kesho nitaiandika hivyo gazetini."

"Nyamaza, Mhidini! Unataka kurudi jela?"

"Sitaki. Naogopa mno. Lakini nitaiandika."

Kusema tena haijulikani asingeweza, maana sasa watu wote walikuwa wanasubiri ajue yeye. Taa nyekundu ikawaka. Echati akasogea kwenye kipaza sauti, mkono wa mumewe bado mkononi mwake.

Haya, msinitazame mimi, mimi ni msimulizi tu. Kanali aliyeanza, Rais aliyekiri hajui, Sajini aliyefungua, au huyo mwanamke asiyetaka kujitaja: je, nani alistahili kusomwa?